Udongo wa Baba Yako Uko Getini

Kitandililo, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Yeremia,

Habari za hali naziruka, maana yako naijua. Asubuhi hii nimekuona ukidandia lori la magome ya miwati kwenda Njombe kuchukua sare yako, shati umelichomekea upande mmoja, mwingine unapepea. Yangu utaikuta humu ndani, pole pole, kwa sababu mkono wangu uliishia darasa la tatu pale misheni. Mdomo ndio ulioendelea na masomo.

Utajiuliza, Baba Mdogo ananiandikiaje barua na usiku huu tunalala nyumba moja? Ni kwa ajili ya mdomo huohuo. Nikiufungua unanikimbia. Naanza jambo la huzuni, watu wanacheka, na mimi nikiona watu wanacheka siwezi kuacha. Hata kwenye matanga ya bibi yako nilichekesha. Karatasi haicheki, kwa hiyo leo nimeamua kusema na karatasi.

Ya kufua nguo, kula vizuri na kuogopa wasichana wa Mbeya utaambiwa na mama yako mdogo. Anayo ya kutosha kukufikisha huko bila kuvuta pumzi.

Kwanza nikuonye kuhusu jambo nililoliharibu tayari. Juzi kwenye kilabu cha ulanzi pale Makambako nilisema, na nilisema kwa sauti, kwamba mwanangu anakwenda kukagua mizigo Tunduma, mpakani na Rodeshia, kushika ufunguo wa nchi tatu. Nilisema Tanganyika, Kenya na Uganda ni nyumba moja, na Yeremia wangu ndiye mlango. Watu walinyamaza, nikapenda kule kunyamaza, nikaongeza kwamba Gavana mwenyewe akitoka Rodeshia itabidi akuamkie. Basi Mzee Mligo, yule mwenye shamba la migomba kule bondeni, akanivuta pembeni.

"Kamwene, ndugu yangu."

"Kamwene."

"Kuna machipukizi ya migomba huko Rodeshia, mkungu wake unabebwa na watu wawili. Shemeji yangu ataniletea. Si sasa mpaka ni wa kwetu?"

Nikamjibu, "Wa kwetu kabisa! Mwambie apite na gunia zima."

Mwanangu, gunia hilo likifika, lizuie. Mwambie huyo shemeji kwamba baba yako mdogo ni mwongo, atakuelewa upesi, habari hiyo imefika mbali kuliko mimi. Watakuja wengi wa namna yake. Watakusalimia Kibena, watakuuliza habari za Lupembe, watakukumbusha kwamba waliwahi kukubeba mgongoni. Salamu iitikie. Mzigo ufungue.

Najua unavyoniwaza. Unasema, leo Baba Mdogo anajua nini kuhusu mpaka? Ninajua. Ule mpaka ulinivua nguo kabla hujaota meno ya pili. Kisa chenyewe umekisikia, lakini umesikia kile cha kilabuni, kile ambacho askari sita walinishika, nikawatupa watatu mtoni, na wa nne akaomba niwe shahidi kwenye harusi yake. Hapakuwa na askari sita, na mto uko mbali na pale. Alikuwapo kijana mmoja, mpole, Mnyakyusa, na kofia yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa.

Baba yako Elia alikuwa kaka yangu na alikuwa mtu wa maneno machache; nadhani ya kwake yote niligawiwa mimi. Alikwenda kwenye migodi ya shaba kule Rodeshia kwa kuwa alitaka kumjengea mama yako nyumba ya bati. Mwamba ukamwangukia. Vijana wa kwetu waliokuwa naye wakamzika hukohuko, na mmoja wao aliporudi akapita hapa kutuambia. Alitueleza akiwa amesimama. Alikataa kiti.

Wewe umezaliwa kwenye ukoo huu, desturi unaijua, lakini nitaiandika hata hivyo kwa sababu yote yanatoka hapo. Mtu wa kwetu akifia mbali, tunakwenda kuchota udongo wa kaburi lake, tunauleta, tunauzika kwa babu zake. Ndipo mjane ananyolewa na kuvuliwa kaniki yake nyeusi ya ujane. Na anayeubeba ule udongo hatamki alichobeba mpaka afike nyumbani. Wazee walisema marehemu anayesafiri ni kama abiria aliyesinzia. Ukimtaja jina njiani atadhani amefika, naye atashuka hapohapo.

Nikaenda mimi. Nani mwingine angekwenda? Mimi ndiye niliyekuwa nimetembea. Mkonge wa Tanga nilikuwa nimeukata, Mombasa nilikuwa nimekula, Kampala ndiko nilikobeulia. Na huko kote, Yeremia, hii si hadithi ya kilabuni, hakuna mtu aliyenisimamisha kuniuliza nimebeba nini. Unatoka nchi ya Mwingereza huyu unaingia ya Mwingereza yule kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Kwa hiyo nilidhani dunia yote iko hivyo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ni kosa la mtu aliyesafiri sana. Asiyesafiri angekuwa na adabu ya kuogopa.

Kaburi nililiona. Vijana walikuwa wameliwekea mawe vizuri. Nikachota udongo, nikautia kwenye kibuyu kidogo cha ugoro, nikakiziba kwa kigunzi cha hindi, nikakifunga kifuani ndani ya shati. Njia nzima sikusema. Hebu fikiri, mimi! Kwenye lori walinidhania bubu, mama mmoja akanipa ndizi kwa huruma.

Tukashuka getini pale Tunduma. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyo na haraka. Yule kijana mwenye kofia kubwa akaja kwangu.

"Ugonile, kaka. Umebeba nini kifuani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia tu, angeelewa. Lakini kusema kweli nilikatazwa, na kunyamaza ndiko kulikonishinda, baada ya njia yote ile. Nikasema, "Ugoro."

"Ugoro tu?"

"Tu? Huu ni ugoro wa machifu, mdogo wangu. Ukiunusa hapa unapigia chafya Mbeya. Aliyeusaga alikuwa na umri wa kumzaa babu yako, na alipomaliza kuusaga akafa kwa furaha."

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Kijana naye akacheka. Ah, mwanangu, nilipoona anacheka nikanogewa. Nikamweleza habari ya faru aliyeunusa akageuka mbuzi. Akanyoosha mkono huku bado anacheka, akasema, "Basi nionjeshe, kaka, na mimi nifike Mbeya," akachomoa kigunzi, akamimina kidogo kiganjani.

Akaacha kucheka.

"Huu ni udongo."

Sasa ndiyo nikawa bubu kweli.

"Kaka, udongo haupiti hapa. Wala miche, wala mbegu, wala machipukizi. Unasikia? Hauruhusiwi." Na mimi nimesimama kama gogo. Yeye aliona mbele yake mtu mwongo, mchekeshaji, aliyeficha udongo chini ya shati. Angedhani nini? Akauendea mtaro uliokuwa kando ya geti, ule wanamotupa kila walichokamata, mashina ya mihogo, mizizi, viazi vyenye madoa, vyote vimemwagiwa chokaa. Akakiinamisha kibuyu. Akakikung'uta chini mara moja, kama unavyokung'uta wewe kikombe.

Hapo ndipo sauti ilinitoka. Nilisema, "Elia."

Tena nikasema, "Huyo ni kaka yangu."

Yule kijana alinitazama. Mvua inamtiririka kwenye ile kofia. Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni wa kaburi?"

"Wa kaburi."

"Kaka, kwa nini hukusema? Mbona wa makaburi una njia yake! Bwana Shamba ameruhusu. Kuna kikaango cha chuma pale nyuma ya banda, tunaukaanga mbele ya mwenyewe mpaka vidudu vyote vife, halafu anaondoka nao. Si wewe wa kwanza. Wiki haipiti. Ungesema tu, kaka. Ungesema."

Nikaruka mtaroni. Na kijana yule akavua kofia, akaiweka juu ya nguzo, akaruka nyuma yangu. Tukachota kwa mikono wote wawili, yeye na sare yake. Tukatoa tope jekundu, na chokaa, na vipande vya viazi vya watu. Alinionyesha kiganja, nikamwonyesha changu. Hakuna kati yetu aliyejua baba yako yuko katika kiganja gani.

Nikamwambia, "Basi tukaange lote hili. Hata kama ni robo yake."

Hapo akakataa. Alikataa huku analia, lakini alikataa. Akaniuliza, "Kaka, kutoka hapa unakwenda wapi?"

"Makambako."

"Njiani mpaka Makambako kuna geti jingine?"

"Hakuna."

"Kutoka Makambako mpaka Nairobi?"

Na mimi, hata pale ndani ya mtaro, hata na tope mpaka magotini, nikajibu kama ninavyojibu siku zote. "Nimefika mpaka Kampala mimi. Hakuna geti."

"Umejijibu mwenyewe," akasema. "Tope hili lina ugonjwa wa kila shamba la ng'ambo. Kikaango ni kidogo, na ugonjwa ulioingia ndani ya viazi haufi upesi. Likinipita mimi, halina mtu mwingine wa kulizuia mpaka kwenye kahawa ya Waganda. Nyuma yangu milango yote iko wazi. Ndiyo maana mimi nimefungwa hapa."

Nilimtukana, Yeremia. Nilimtukana kwa Kibena, na kwa Kinyakyusa kidogo nilichokuwa nacho ili asikose kitu. Alinishika mkono akanitoa mtaroni, akanipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Sikumwuliza jina. Miaka yote hii namtaja kwenye hadithi kama askari sita, na jina lake silijui.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuambia hilo tangu siku ulipoletewa habari kwamba umepata kazi na Bwana Shamba, na kazi yenyewe ni ile, na geti lenyewe ni lile. Ulikuja unakimbia kutoka barabarani. Nikakupongeza, nikachinja jogoo, nikapiga hadithi mpaka jogoo akaisha. Halafu nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe. Mama yako mdogo alinifuata akidhani nimepaliwa na mfupa.

Lakini lile la mtaro bado si zito. Zito ni nililolifanya nyumbani.

Nilirudi mikono mitupu, na wazee wakaniachia mimi neno, kwa kuwa Elia hayupo na mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Mama yako alikuwa binti bado. Alikaa chini mbele yangu na ile kaniki yake mpya, akaniuliza, "Shemeji, sasa itakuwaje?" Ningeweza kusema, udongo umetupotea, tumnyoe hivihivi, Mungu anaona. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kubali, nilikuwa nikiwaona usoni. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba mimi, niliyefika Kampala, nimeshindwa kuvusha kibuyu. Nikajikohoza. Nikasema, "Ngoja, shemeji. Kiangazi kijacho narudi kuchota mwingine. Kaniki haivuliwi bila udongo."

Kiangazi kikaja, nikasema njia mbaya. Kingine, mguu unauma. Unakumbuka yule mpasua mbao wa Makete aliyekuwa akipita hapa, akikuchongea magari ya miti? Alikuwa hapiti kwa ajili yako. Mtu mzuri, mnyamavu, hata alifanana kidogo na baba yako anavyoinama. Aliniuliza kwa heshima, nikamwambia mwanamke yule bado yuko kwenye kaniki. Akaendelea kuniuliza kila mwaka kwa muda mrefu. Halafu akaacha kupita. Mama yako akarudi kwao Lupembe, akawa analima kwa kaka zake, na wewe nikabaki nawe mimi, na watu wakasema tazama Zakayo alivyo na moyo, anamlea mtoto wa marehemu kaka yake. Nami nikaitikia.

Kaniki ya kwanza ilichakaa akanunua ya pili. Ya sasa sijui ni ya ngapi. Wewe hujawahi kumwona mama yako ndani ya rangi nyingine. Utotoni uliwahi kuniuliza kama alizaliwa nayo, nikakupigia hadithi.

Sasa sikiliza, maana jioni hii utashuka kwenye lori na sitaki ushtuke; ndiyo sababu barua hii utapewa barabarani, kabla hujafika nyumbani. Mama yako yuko hapa. Alifika tangu juzi, ulipokuwa kwa rafiki zako pale mjini, nikamwomba ajifiche kwa jirani mpaka leo. Nilimpelekea neno nikamwita. Nikakaa chini, mimi, yeye nikamweka kwenye kiti, nikamwambia kazi uliyopata na mahali penyewe. Nilimwambia habari ya mtaro jinsi ilivyokuwa, bila faru.

Naye akasema, "Kumbe mtoto anakwenda kwa baba yake."

Nikasema, "Shemeji, kaniki ilipaswa kuvuliwa miaka ile. Niliishikilia mimi."

Akanijibu, "Najua." Basi. Neno hilo tu, na alilisema kama mtu anayekueleza kuna mvua. Yeremia, nimetukanwa na manamba wa Tanga, nimetukanwa na wanawake wa sokoni Mombasa, watu wenye kipaji. Sijapigwa kama nilivyopigwa na hiyo "najua".

Jana wazee wamekuja hukohuko kwa jirani, wachache waliobaki. Amenyolewa. Leo yuko jikoni na mama yako mdogo, wanakukaangia karanga za njiani, nawasikia. Amevaa kanga nyekundu aliyoazimwa, na kila mara anajitazama mkononi kana kwamba mkono si wake. Mama yako mdogo anamtania, "Eee, bi harusi, karanga zinaungua!" Naye anacheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ya kucheka kwake. Inaanza juu halafu inashuka, kama yako.

Amezeeka, mwanangu. Lile sikulijua mpaka alipovua ile nguo. Kaniki ilikuwa imenificha.

Chini kabisa ya mzigo wako, chini ya karanga na lile shuka, utakuta kaniki imekunjwa. Ameifua kwa mikono yake akaianika kwenye upepo wetu huu wa Makambako, ambao, kama unavyojua, uliwahi kumhamisha jogoo wangu mpaka Njombe akatua bado anawika. Nisamehe. Mkono nao umeanza tabia za mdomo.

Udongo wa baba yako haukuweza kutujia, basi tunaipeleka nguo kwake. Usichote kitu mtaroni humo. Nilitaka kukuomba uchote, niliandika karatasi nzima ya kukuomba, nimeichana. Yule kijana alikuwa sahihi, na sasa kijana huyo ni wewe. Chimba tu kando, upande wa huku, uizike.

Na siku mtu atakapokufikia getini kifua kimevimba, akakuambia ni ugoro, na ugoro wenyewe una hadithi ndefu ya kuchekesha, cheka naye. Halafu mpeleke pembeni, mbali na foleni, umwulize tena. Kikaango kiwe tayari.

Kutoka hapa mpaka Tunduma hapana geti, hakuna atakayekufungua mzigo. Lakini pale utakaposhuka, ukiwa bado na vumbi, wenzako wapya watakuuliza, maana ndiyo kazi yao: umebeba nini? Usifanye kama mimi. Desturi ile ya kunyamaza nakuvunjia leo, mimi mwanamume wa nyumba hii. Waambie ni kaniki ya mke wa Elia. Litaje jina kwa sauti, hapohapo kando ya mtaro, iwe mvua au jua. Amesinzia muda mrefu huyo abiria. Akisikia ametajwa, atajua amefika.

Ni mimi,
Baba yako mdogo, Zakayo